Mileto Mbili, Mji Mmoja



Kila anayeanza falsafa huanza na Thales. Kwa kuwa vitabu vyetu ni vya Kiingereza, tunamjua kwa jina la "Thales of Miletus", na darasani mji huo hutamkwa "Mailitas". Tunaandika, tunakariri, tunajibu mtihani: Thales alisema asili ya vitu vyote ni maji. Baada yake wanafuata Anaksimandro na Anaksimene, nao wa "Mailitas" vilevile. Halafu anakuja Heraklito, yule wa mto usiokanyagwa mara mbili, na yeye ni wa "Efesas".

Ikifika Jumanne ya juma la saba la Pasaka, somo la kwanza la Misa hutoka Matendo ya Mitume, sura ya 20. Mtume Paulo ana haraka ya kufika Yerusalemu. Anatua Mileto, anatuma watu Efeso wakawaite wazee wa Kanisa, nao wanakuja. Anawaambia kwamba hawatamwona tena. Kesho yake tunasikia sehemu iliyobaki, wanapiga magoti pamoja, wanalia, wanamsindikiza melini. Kwangu mimi hakuna kuaga kunakogusa kama huko katika kitabu kizima cha Matendo.

Mwaka huu niliwauliza majandokasisi wenzangu kama wanane, kwa nyakati tofauti, swali moja: Mileto ya Paulo na Mileto ya Thales zina uhusiano gani? Mmoja alijibu mara moja kwamba ni mji uleule. Wengine walinyamaza kwanza. Mmoja akasema ya Thales iko Ugiriki, ya Paulo iko "upande wa Nchi Takatifu". Hawa si wavivu. Wanaweza kukueleza hoja za Parmenide usiku wa manane umeme ukiwa umekatika. Lakini mji mmoja uliingia vichwani mwao kwa milango miwili, mmoja wa darasani na mmoja wa kanisani, na vyumba hivyo viwili havina dirisha katikati.

Mji ni mmoja. Magofu yake yako Uturuki ya leo, na mahali palipokuwa bandari pamekuwa nchi kavu, kwa sababu tope la mto limeisukuma bahari mbali. Paulo alitua pale zaidi ya miaka mia sita baada ya Thales. Na wale Waefeso tunaowasomea waraka wao Dominika ni watu wa mji wa Heraklito. Mtu akilijua hilo, darasa na Misa vinaanza kuzungumza. Hoja yangu ni kwamba wengi wetu hatulijui kwa sababu ya tabia moja ndogo tuliyoizoea mno: tukizungumza Kiswahili, tukifika kwenye jina la mji wa ughaibuni, ulimi unahamia Kiingereza.

Katika falsafa jambo hili lina fumbo lake mashuhuri. Mwaka 1979 Saul Kripke, mwanafalsafa wa Marekani, alimtunga kijana Mfaransa aitwaye Pierre. Akiwa kwao Ufaransa, Pierre amesikia habari za mji wa "Londres", akaamini kwa dhati kwamba ni mzuri. Baadaye maisha yanampeleka Uingereza. Anakaa mtaa mchafu, anajifunza Kiingereza kwa kusikiliza majirani, anasikia mji anaokaa unaitwa "London", na anaamini kwa dhati kwamba ni mbaya. Hajui kwamba Londres ndiyo London. Kripke anauliza: je, Pierre anaamini kwamba mji ule ni mzuri, au haamini? Hana kosa la mantiki, wala hajajipinga mwenyewe. Wanafalsafa wanabishana mpaka leo.

Tulipofundishwa fumbo hilo wengi walicheka, wakaona ni mchezo wa wasomi wa Ulaya. Mimi namjua Pierre. Yuko kwenye kigango kimoja cha upande wa Mgeta, ana umri wa zaidi ya miaka sabini, na Kifaransa hajui hata neno. Nilikuwa nimepanda huko kwa utume wa mwisho wa juma. Baada ya ibada alinifuata, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza:

"Frateri, hii Jerusalem ya kwenye redio, wanayopigania kila siku, iko karibu na Yerusalemu?"

"Ndiyo hiyohiyo, babu. Yerusalemu ya Bwana wetu ndiyo hiyo wanayoitangaza."

Alinyamaza kidogo, akiangalia chini kwenye matuta ya kabichi. Kisha akasema, "Kumbe mji bado upo."

Huyu mzee amesali Njia ya Msalaba kila Kwaresima tangu utoto wake. Yerusalemu anaijua kuliko anavyoijua Dodoma. Lakini kwake ulikuwa mji wa zamani, wa kwenye picha za ukutani, kama bustani ya Edeni. Ule wa kwenye redio, wenye askari na mama wanaozika watoto, ulikuwa mwingine. Kilichotenganisha miji hiyo miwili kilikuwa herufi moja mwanzoni na irabu moja mwishoni. Akiombea amani ya dunia, hakujua kwamba anauombea mji anaousikia kila Ijumaa Kuu.

Angalieni Gaza kwa kulinganisha. Jina hilo halikubadilika: katika Biblia ni Gaza, kwenye redio ni Gaza. Na watu wanauliza! Kwenye jumuiya ndogondogo nimesikia wakiuliza kama ndipo Samsoni alipong'oa malango ya mji, na kama ndiyo ile barabara ambayo Filipo alikutana na Mwethiopia ndani ya gari. Jina moja linatosha kumfanya mkulima wa Uluguru aunganishe kitabu cha Waamuzi na taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Antiokia haikupata bahati hiyo. Tarehe 6 Februari 2023 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Uturuki na Siria. Kwa upande wa Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya elfu hamsini, na mji wa Antakya ulikuwa kati ya iliyobomoka vibaya zaidi. Parokia nyingi ziliwaombea "ndugu zetu wa Uturuki", na zilifanya vema. Lakini Antakya ni Antiokia, mji ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Jina ambalo sote tumeandikwa nalo kwenye cheti cha ubatizo lilianzia pale palipokuwa vifusi. Nilisikia mahubiri mawili juu ya tetemeko lile, na yote mawili yalisema "Antakya" kama unavyotaja kituo cha basi usichowahi kushuka.

Vivyo hivyo Nikea. Mwishoni mwa Novemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alikwenda Uturuki kuadhimisha miaka 1700 ya mtaguso wa mwaka 325, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba amefika Iznik. Kila Dominika tunasimama na kuungama imani iliyoandikwa huko. Wangapi kati yetu walijua kwamba Iznik ndiko?

Sasa majina haya tuliyapata wapi? Kiswahili hakikuwa maskini wa majina ya miji ya mbali. Yaliyokuja kwa jahazi yalipokelewa kama wageni wanavyopokelewa pwani: wakanawa miguu, wakavuliwa viatu, wakakaa. Makka, Madina, Maskati, Bombei, Stambuli. Hakuna mzee wa Bagamoyo aliyejipinda ulimi kutamka Maskati kama Mwarabu wa huko. Baadaye yakaja ya Kanisa: Roma, Yerusalemu, Bethlehemu, Damasko, Korintho, Kaisaria. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua Bagamoyo mwaka 1868 na kupanda hadi huku kwetu, wengi wao walikuwa Wafaransa. Nyumbani kwao waliita Rome na Jérusalem. Lakini Kiswahili cha Kanisa kilichokua mikononi mwao na mwa makatekista hakikufuata Kifaransa. Lurdi, ambao ni mji wao kabisa, tukauita kwa ulimi wetu, na Asizi ya Mtakatifu Fransisko vilevile.

Kundi la tatu lilikuja kwa shule, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Majina ya shule hayakunawishwa miguu. Yaliingia na viatu vyake, na sisi ndio tuliovua vyetu. Munich, Cologne, Florence, Athens. Ajabu yenyewe ni kwamba tunayatamka hivyo tukidhani ndiyo majina halisi. Mwenyeji wa mji wa kwanza anasema München, wa pili Köln, wa tatu Firenze, na wa nne anasema jina lililo karibu na Athene yetu kuliko na "Athens". Mwingereza hakukosea. Aliyachukua akayaingiza kinywani mwake, kama sisi tulivyofanya na Maskati. Ana haki hiyo. Kosa ni letu tunapodhani kinywa chake ndicho chemchemi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Roma. Waroma wenyewe wanasema Roma. Sisi tunasema Roma. Mwingereza anasema "Rome". Basi msomi wetu anayeanza kusema "nilipokuwa Rome" anadhani amepanda ngazi kuelekea ughaibuni, kumbe ameiacha Roma yenyewe akahamia London.

Nimeona jambo hili mimbarini, na hapo linaniuma zaidi. Katika parokia moja ya mjini msomaji alisoma somo kwa Kiswahili kizuri, sauti safi, pumziko mahali pake. Alipofika kwenye miji, "Antiok", "Damaskas", "Sizaria". Kitabu kilichokuwa mbele yake kiliandika Antiokia, Damasko, Kaisaria; hakusoma kilichoandikwa. Baada ya Misa nilisikia mtu akimsifu kwamba "yule dada amesoma". Wiki nyingine, kwenye kigango, katekista alisoma majina hayo kama yalivyoandikwa, na vijana wawili wa kwaya waliotoka mjini wakatazamana wakatabasamu. Ni tabasamu lile lile analopewa mama wa Kiluguru sokoni anaposema anakwenda Dasalamu. Yule katekista ndiye aliyesoma sawasawa.

Kiingereza pia kinaficha vitu. Tunasoma "Aquinas" mwaka mzima, na wengi huondoka wakidhani ni jina la ukoo. Kiswahili kinasema Tomaso wa Akwino, na hapo hapo unajua kwamba Akwino ni mahali, kwamba mtu huyu alikuwa na kwao. Na Agostino? Kila mwaka kuna utani uleule wa "Hippo" na kiboko, na kila mwaka wapya wanaucheka. Mradi baada ya kucheka mtu aambiwe kwamba mji huo leo unaitwa Annaba, uko Algeria, na kwamba askofu huyo alikuwa Mwafrika wa bara hili tunalokanyaga. Wengi wanatoka darasani na kiboko tu.

(Hapa Morogoro tuna mfano wetu wa kinyume. Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan bodaboda wote wanakijua kwa matamshi ya Kiingereza, na wapo waumini wanaodhani kimeitwa kwa jina la mto. Jina hilo ni la Mwenye Heri Padre Fransisko Maria wa Msalaba Jordan, mwanzilishi wa Wasalvatoriani. Huyo aachwe na jina lake. Mto ndio Yordani.)

Ndugu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii alinipinga kwa hoja mbili, na zote ni nzito. Ya kwanza: mtihani ni wa Kiingereza. Ukiandika "Mileto" msahihishaji atakukata. Sawa. Ukiandika Kiingereza, andika Kiingereza, na ukitamke vizuri pia. Sioni aibu yoyote katika "Mailitas" ndani ya sentensi ya Kiingereza. Ninachokataa ni sentensi ya Kiswahili inayovaa kofia ya Kiingereza kila inapofika mjini. Na zaidi ya hapo, anayejifunza jina moja tu kati ya mawili amejifunza nusu.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Alisema: je, wenye mji hawana haki ya kusema waitweje? Alinitajia Kyiv. Mwaka 2019 mashirika makubwa ya habari ya Kiingereza yaliacha kuandika Kiev, jina lililotoka Kirusi, yakaanza kuandika kama Waukraine wenyewe wanavyotaka. Hapo nakubaliana naye, tena sisi Waafrika tungepaswa kuwa wa kwanza kukubali. Léopoldville ilikuwa Kinshasa mwaka 1966, na Stanleyville ikawa Kisangani. Salisbury ikawa Harare mwaka 1982. Hapa kwetu Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal, na Tukuyu wakaiita Neu Langenburg. Jina likiwa ni alama ya kiatu shingoni, aliyevikwa akiomba livuliwe, livuliwe. Lakini kumtii mwenye mji katika jina hakudai nimwige sauti. Mgeni akisema Morogoro kwa "r" yake ya Kiingereza, laini kama uji, simkasirikii. Ametaja jina letu kwa kinywa alichopewa na mama yake. Wajerumani waliandika "Mrogoro". Stanley alipopita mwaka 1871 aliandika "Simbamwenni", na hata humo bado unaisikia Simbamwene.

Plato aliandika mazungumzo mazima juu ya swali hili, Kratilo. Mmoja anadai kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili, mwingine anadai majina ni mapatano tu, na Sokrate anawasumbua wote wawili. Aristotle baadaye alikaa upande wa mapatano. Nami nakaa na Aristotle, ila naongeza swali ambalo mwanakijiji angeuliza: mapatano kati ya nani na nani? "Roma" ni mapatano kati ya bibi yangu, padre wake, mwanakwaya na mtoto wa mafundisho. "Rome" katika sentensi ya Kiswahili, bibi hakuitwa kwenye kikao.

Uwezo wa kuyapokea majina tunao, tena wa kutosha. Kariakoo, ambako mboga za Mgeta hushuka kila usiku kwa malori, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kiswahili kililimeza jina hilo lote, na leo hakuna anayemcheka mtu kwa kusema Kariakoo.

Pendekezo langu ni dogo. Kila darasa la falsafa hapa kwetu, na kila sakristia itakayopenda, ibandike ukutani karatasi moja yenye safu tatu: jina la mji kama lilivyo katika Biblia na liturujia yetu, jina lake la Kiingereza, na jina unaloitwa leo na wakazi wake. Efeso, Ephesus, Selçuk iliyo jirani na magofu yake. Smirna, Smyrna, Izmir. Antiokia, Antioch, Antakya. Msomaji apitie kabla ya Misa, na anayetangaza nia za maombi aitazame pia.

Nimekwisha kuandika miji ishirini na mitatu. Ugumu uko kwenye safu ya kwanza, maana sisi wenyewe hatujapatana. Biblia ya Union inasema Rumi na Dameski, zetu zinasema Roma na Damasko. Kuna Thesalonike na kuna Tesalonika. Na huo mji wa mtaguso, mimi naandika Nikea, kwa "k" ya Wagiriki walioujenga. Padre mlezi wangu anaandika Nisea, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuiita Kanuni ya Imani na ndivyo waumini wake walivyozoea. Tumebishana juu ya hilo mara mbili mezani. Kwenye karatasi, kwa sasa, nimeyaandika yote mawili kwa penseli.